Fyuzi Iliyobaki Kwenye Pindo la Kanga

Mwaka 1975 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ndio mwaka ambao dhiki iliingia nyumbani kwetu ikavua viatu na kukaa. Baba alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, kama wanaume wengi wa Buha, huku kwetu Kigoma, walivyokwenda, na mwaka huo ikaja barua kusema hatarudi, amezikwa hukohuko. Mama alisomewa barua na mwalimu, kwa sababu mimi nilikuwa darasa la nne na mwandiko wa mkono ulikuwa bado unanishinda. Wiki iliyofuata sikwenda shule. Sijakwenda mpaka leo. Nalisema hili mapema ili anayetafuta vyeti aishie hapa, asijichoshe.

Nimestaafu mwaka jana nikiwa fundi wa mitambo ya umeme wa DC kwenye minara ya simu, Kasulu na Kibondo. Nimeamua kuandika kwa sababu ya fomu. Siku ya kukabidhi vifaa, mtunza stoo, baba mmoja mpole, alinionyesha mstari ambao haukuwekwa alama: fyuzi ya betri, moja, haijarudishwa.

"Mama Renata," akaniambia, "andika tu imepotea. Yaishe."

"Haijapotea."

"Basi irudishe."

"Sirudishi pia."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia jenereta iliyokataa kuwaka bila sababu. Ninyi mlioachiwa funguo za minara mmenipigia simu mkiuliza kwa nini bibi mwenye wajukuu anagombana na ofisi kwa ajili ya kipande cha kaure chenye vibati viwili. Jibu haliingii kwenye simu. Someni.

Kwanza mjue nilivyoanza. Nilikuwa nauza mihogo ya kuchemsha kwenye gereji ya malori ya Mzee Shabani, Kasulu mjini, nyuma ya soko. Mihogo yangu niliiuza pamoja na maji ya kunywa, na Mzee Shabani alikuwa mtu wa kuangalia vitu. Siku moja akainua kikombe juani.

"Binti, maji haya unayatoa wapi?"

"Bati la kanisa, mvua ikinyesha."

"Kesho lete ndoo mbili. Moja ya watu, moja ya betri."

Betri za wakati ule zilikunywa maji, na maji yenye udongo huziua. Nikawa naleta, kisha nikawa namimina mwenyewe, kisha nikawa nachaji, kisha mihogo ikaachwa. Kanga zangu zote zikatoboka kwa tindikali. Mama alidhani ni panya, akatega mtego chini ya kitanda changu, ukanibana mimi kidole cha mguu.

Mzee Shabani alinifundisha jambo moja kwa kulirudia mpaka nikaliota: kwenye lori, bodi yote ni hasi. Ukitoa betri, hasi hutoka kwanza. Ukirudisha, hasi huingia mwisho. Hivyo spana ikiteleza na kugusa bodi, hakuna linalotokea. Nililishika jambo hilo miaka karibu ishirini bila kukosea hata mara moja. Ndilo lililotaka kunipofusha.

Miaka ya tisini, wakimbizi walipokuwa wengi, nilipata kibarua Kibondo kwenye kituo cha mawasiliano cha wahudumu wa kambi. Chumba kimoja kilikuwa na redio, kingine kilikuwa na betri ishirini na nne kwenye rafu ya chuma, na rektifaya.

Hapo nieleze, maana wengine mtasomewa haya na wajukuu. Umeme wa jenereta unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Mitambo ya mawasiliano haiutaki huo. Inataka umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri. Rektifaya ni sanduku linalokaa katikati: linapokea ule, linatoa huu, na linazishibisha betri ili jenereta ikizimika mtambo usife. Nyuma yake kuna mabamba ya shaba, mapana kama rula ya mwalimu, ambako nyaya zote hukutana. Hapo ndipo watu huungulia.

Aliyekuwa na chumba kile ni Papa Deo, mkimbizi kutoka Kongo, mtu wa miaka hamsini hivi, ambaye mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha pete. Siku yangu ya kwanza alinituma nifungue betri moja mbovu.

"Mama, pima kwanza. Hii haiko batri ya kamiyo," akaniambia. Kamiyo kwao ni lori.

"Papa Deo, mimi nimeshika betri tangu wewe uko kwenu."

Akanipisha. Nikashika spana, nikaanza na hasi, kama mtu mwenye adabu zake. Mkia wa spana ukagusa rafu. Sikusikia kishindo, niliona tu weupe. Nilipopata macho, spana ilikuwa na pengo, kama chapati iliyong'atwa na mtoto, na nywele zangu za mbele zilikuwa zinanuka. Mpaka jioni kila nilichokitazama kilikuwa kijani.

Papa Deo hakupiga kelele. Alileta kiti, akaleta maji, akasubiri ninywe.

"Minakwambia kitu moya," akasema. "Mu kamiyo, chuma yote iko hasi. Mu nyumba hii, chuma yote iko chanya. Batri haikukosea. Weye ndiye ulikuja na kichwa ya kamiyo."

Ndivyo ilivyo kwenye minara yenu karibu yote mpaka leo: chanya ndiyo inayofungwa kwenye ardhi na kwenye rafu, hasi ndiyo yenye meno. Fundi wa gereji akija kwenu na sifa zake, mkamateni mkono kabla hajagusa kitu. Si mjinga. Anajua sana, ila anajua nyumba nyingine. Na msinidanganye kwamba nyinyi mmesoma, haitawatokea. Aliyezoea kitu ndiye asiyepima. Mimi tangu siku ile napima mita kwenye betri ninayoijua, nione kama mita yenyewe ni nzima, kisha napima ninapotaka kugusa, kisha narudi kwenye ile betri kuhakikisha mita haikufa katikati. Mara tatu. Watu wamenicheka kwa hilo. Macho yangu yanaona.

Papa Deo alinifundisha mambo matatu, na kama mna haraka chukueni hayo mwache mengine.

La kwanza, pete. Mlangoni aliweka kopo la maziwa, na kila aliyeingia aliacha humo pete, saa, bangili, hata rozari. Yeye mwenyewe aliwahi kushika spana huku pete ya ndoa imegusa rafu. "Bibi yangu alibaki," alikuwa akisema, yaani mke wake, "pete ikaenda na kidole." Umeme wa volti arobaini na nane hauwezi kukurusha kama wa ukutani, ndiyo sababu watu huudharau. Lakini betri haina haraka wala huruma. Ukiipa chuma, itamimina kila ilicho nacho kwenye chuma hicho mpaka kiyeyuke, na kama chuma hicho kimevaliwa kidoleni, shauri yako.

La pili, ukizima, haujazima. Ndani ya rektifaya kuna vikopo vinavyohifadhi umeme hata baada ya kila kitu kukatwa. Unasubiri, unapima, kisha unaumaliza uliobaki kwa taa. Mimi nilitumia balbu mbili za lori za volti ishirini na nne, nimeziunga moja nyuma ya nyingine. Unagusisha, zinang'aa, zinafifia, zinakufa. Hapo ndipo unaingiza mkono. Na wakati wa kuwasha ni hivyohivyo: pitisha umeme kwenye balbu kwanza, vikopo vijae taratibu, ndipo uweke fyuzi. Ukiiweka kavukavu itatema moto usoni, na utasema mtambo ni mbovu kumbe mbovu ni wewe.

La tatu ndilo la fyuzi. Fundi anapoingia nyuma ya mabamba, fyuzi ya betri inachomolewa. Haiwekwi mezani, haiwekwi juu ya sanduku, na yeye mwenyewe haingii nayo, maana akiinama itadondoka kwenye shaba. Inakaa mwilini mwa mwenzake anayelinda nje. Na hairudi kwa sababu saa imefika, wala kwa sababu mkubwa kasema, wala kwa sababu inaonekana kazi imekwisha. "Inarudi pale yule wa ndani anakuja kuomba na kinywa yake," alisema Papa Deo. Basi. Yeye aliweka kwenye mfuko wa shati. Baadaye alipata nafasi ya kwenda kuishi nchi za baridi, akaniachia mita yake, na sikumwona tena.

Minara ilipokuja, kampuni iliyopewa kuitunza ilitafuta watu. Waliniuliza cheti. Nikawawekea mezani ile spana yenye pengo, nikawaeleza ilivyopata pengo. Nikaajiriwa. Mengine ya vyeo sina habari nayo, na mume wangu pia hamtamkuta humu. Alikuwa mtu mwema, ila hakujua kazi hii.

Ovaroli niliyopewa ilishonwa kwa mwanamume mrefu. Mifuko yake ilinifika magotini, na kila nikiinama vitu vilimwagika. Kwa hiyo nilijifunga kanga kiunoni juu ya ovaroli, imebana, ncha zimechomekwa ndani zisining'inie popote, na fyuzi nikaifunga fundo kwenye pindo, pale ambapo mama zetu hufunga vitu vyao vya thamani. Kufungua fundo langu kunataka mikono miwili na nia. Sijawahi kudondosha fyuzi.

Nilikuwa na mengine ya aina hiyo. Spana zangu nilizivisha mpira wa ndani wa baiskeli, zikabaki vichwa tu. Kila bolti niliyoikaza niliichora mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kwenye nati mpaka kwenye shaba, ili nikirudi baada ya miezi mitatu nione kama imelegea. Bolti iliyolegea hupata joto, joto hulegeza zaidi, na siku moja unaitwa kuzima moto. Kuna mkaguzi aliyeandika kwamba amekuta vipodozi kwenye mtambo. Kwenye mnara wa Titye nilikuta nyuki wamejenga ndani ya sanduku, karibu na feni, kwa sababu kuna ujoto. Nilikula asali ya pale. Hilo hakuliandika mtu.

Sasa kuna desturi nyingine ambayo hakuitunga mtu. Udongo wetu mnaujua. Masika buti moja linabeba shamba zima, na rektifaya haipendi vumbi. Udongo ukikauka unaingia kwenye feni, feni ikifa sanduku linapika. Kwa hiyo kila fundi aliyeingia kontena la mitambo aliacha buti mlangoni, kama mtu aingiaye kwenye nyumba ya watu, akavaa ndara za mpira zilizokuwa ndani. Taratibu watu wakazoea kuhesabu buti. Jozi mbili mlangoni, watu wawili ndani. Hakuna buti, hakuna mtu. Hata mimi nilihesabu. Ilikuwa rahisi, na kwa miaka haikutudanganya.

Nakuja kwenye siku yenyewe. Ilikuwa masika, mnara wa kilimani upande wa Murungu, tunabadilisha sanduku lote la rektifaya. Nilikuwa na Zabroni. Wengi mnamjua kama mwalimu wenu, wakati ule alikuwa fundi mwenye miaka minne kazini, baba wa watoto watatu, mtoto wa wakimbizi wa Burundi waliopata uraia, na mdomo wake ulikuwa haufungi. Fyuzi ilikuwa nje, kwenye kisanduku cha betri kilicho hatua kumi kutoka kwenye kontena. Nilipoichomoa nilimwonyesha, nikaifunga kwenye pindo mbele ya macho yake.

"Mama Renata," akasema akivua buti, "ukifa ghafla nitaipataje?"

"Utaniombea kwanza, ndipo ufungue fundo."

Akacheka, akaingia.

Kama saa sita mchana ikafika gari ya ofisi, na msimamizi wetu mpya, injinia kutoka Dar, jina lake naliacha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simu mbili na zote zilikuwa zinalia. Mgeni mkubwa alikuwa anatarajiwa Kibondo mchana ule, na mtandao upande wa Murungu ulikuwa umekufa tangu asubuhi kwa sababu yetu. Tulikuwa tumeandika tutamaliza saa tano.

"Mama, mmefikia wapi?"

"Zabroni yuko kwenye mabamba."

Akaenda mpaka mlangoni. Akatazama chini. Nami nikatazama kutoka nilipokuwa. Hapakuwa na buti.

Akafungua mlango, akachungulia, akaita, "Kuna mtu?" Mkumbuke kwamba juu ya kilima kile kulikuwa na mnara wa pili wa watu wengine, na jenereta yao ilikuwa inanguruma kama lori linalopanda mlima. Akasubiri kidogo. Akarudi.

"Hakuna mtu. Ametoka, labda kaenda kula. Tuwashe, atakuja kumalizia vifuniko baadaye."

"Hajaniomba fyuzi."

"Mama, nimeangalia kwa macho yangu. Buti hazipo. Si ndivyo mnavyohesabu nyinyi wenyewe?"

Hapo alinipata, na nakiri. Ndivyo tulivyohesabu. Na mimi niliona kwa macho yangu kwamba hazipo. Nisiwadanganye kwamba roho iliniambia kitu. Roho haikuniambia chochote. Nilidhani kweli kwamba Zabroni, kwa mdomo wake ule, ameteremka kwa mama muuza chai bila kuniaga nilipokuwa nimeinamia betri, na nilikuwa tayari nimeshamkasirikia.

"Buti hazipo," nikamwambia. "Na yeye hajaniomba. Fyuzi haitoki."

"Tusicheleweshane, Mama. Volti arobaini na nane. Hata mbuzi haimshtui."

"Haimshtui. Inamchoma."

"Kukiwa na tatizo fyuzi itaungua yenyewe. Ndiyo kazi ya fyuzi."

"Fyuzi inalinda waya, Injinia. Kubwa kama hii inachukua muda kufikiri. Uso wa mtu haungoji."

Akaacha kubishana. Akaenda kwenye gari, akafungua kisanduku, akarudi na fyuzi mpya, bado iko kwenye karatasi yake, na mpini wa kuichomekea. Sikuwa nimelifikiria hilo. Yangu ilikuwa salama kiunoni na haikuwa na maana tena yoyote.

Alikuwa hatua tatu kutoka kwenye kisanduku cha betri. Nilikuwa moja. Nikakaa chini. Nikaegemeza mgongo kwenye kimlango chake, nikanyoosha miguu mbele juu ya matope, kanga, ovaroli na vyote, kama mwanamke aliyefika msibani na hana mpango wa kuondoka.

"Mama, toka hapo."

"Oya."

Ni "hapana" ya Kiha, na hata asiyejua Kiha anaielewa hiyo.

"Nenda basi wewe ukamtafute uridhike!"

"Nikiondoka utaweka."

"Nitakuandikia barua. Unajua nina uwezo wa kukuondoa kazini leo hii?"

"Niandikie. Andika na kwamba nilikuwa nimekaa."

Dereva wake alikuwa amegeuka kutazama mabonde, kwa adabu. Injinia alisimama mbele yangu na fyuzi yake mkononi, anapumua. Alikuwa na umri wa mwanangu wa pili. Niliona anafikiri kama anaweza kumvuta mama mtu mzima kwa mkono mbele ya watu, na niliona anaona kwamba hawezi. Simu ikalia tena. Nami nilikuwa nafikiri yangu. Nilikuwa nafikiri kwamba kazi imekwisha, kwamba kesho nitarudi kwenye mihogo, na yote kwa sababu ya mtu anayekunywa chai. Matope yalikuwa yameshapenya mpaka kwenye ngozi. Nikabaki palepale.

Sijui ilikuwa muda gani. Mlango wa kontena ukasukumwa, Zabroni akatokea, peku, uso mweusi kwa vumbi la shaba, spana ndefu mkononi. Akatema nati nne kwenye kiganja, moja moja.

"Nani kachukua viatu vyangu?"

Kisha akaniona mimi matopeni.

"Mama Renata, mbona umekaa chini? Nani kafa?"

Mlinzi wa mnara ndiye aliyetokea nyuma ya uzio, mzee wa watu, na buti mbili mkononi zinang'aa. Alikuwa ameona zimejaa udongo, akaona haya fundi wa watu avae hivyo, akazichukua kwenda kuzikwangua na kuzianika juani. Ndara za ndani nazo Zabroni hakuzivaa, zilikuwa zimekatika kamba. Na injinia alipoita, alimsikia, akaitikia "mm!" kwa sababu alikuwa na nati mdomoni na mikono yote miwili iko kazini, na nati ikidondoka nyuma ya mabamba unaweza kuitafuta siku nzima. "Mm" ya mtu aliyelala nyuma ya sanduku, na jenereta ile inanguruma. Nani ataisikia?

Niliinuka. Sikumsemesha injinia. Nilimwambia Zabroni anirudishe ndani anionyeshe alipokuwa amefikia. Akalala tena palepale, akaweka spana alivyokuwa ameiweka. Kichwa cha spana kilikuwa kwenye bolti ya bamba la hasi. Mkia wake ulikuwa umeegemea fremu ya sanduku, ambayo ni chanya. Uso wake ulikuwa hapo, shibiri moja. Injinia alikuwa amesimama nyuma yangu, ameinama, anaona. Alitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama spana.

Zabroni akatoka, akavaa buti zake safi, akasimama mbele yangu. Mdomo wake siku ile ulikuwa umepungua.

"Mama Renata, naomba fyuzi."

Nikamgeukia injinia. "Umesikia? Sasa lete hiyo yako."

Tulipitisha umeme kwenye balbu kwanza, zikang'aa zikafifia, ndipo nikachomeka fyuzi mpya ya injinia. Mtandao ukarudi. Baadaye tukasikia mgeni mwenyewe alikwama njiani kwa matope, akafika jioni. Yangu ilibaki kwenye fundo. Nilikwenda nayo nyumbani, nikafungua fundo, nikaitazama, nikairudisha nikafunga tena.

Zabroni nilimtukana wiki nzima kwa kuingia peku. Mlinzi sikumtukana, alifanya wema. Ila tangu siku ile sikuhesabu buti tena, na ninyi msihesabu buti, wala kofia, wala majina kwenye karatasi ya mlangoni. Vitu vinahamishwa na watu wema. Mdomo wa mtu haumhamii mwingine.

Barua ilikuja kweli. Ilisema nilikaidi amri halali na kuzuia kazi kwa kukaa chini. Iliniagiza niombe radhi kwa maandishi ndani ya siku saba. Nilimwomba binti yangu Renata aniandikie jibu, akaandika ukurasa mzima wenye heshima zote. Nikauweka pembeni, nikaandika mwenyewe kwa mwandiko wangu wa darasa la nne: "Nilikaa. Mtu akiwa ndani nitakaa tena." Nikaweka sahihi. Hawakunifukuza, sijui kwa nini, na sikuuliza. Injinia alihamishwa baada ya mwaka. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga, akasimama mlangoni akizungusha funguo za gari.

"Mama, ile barua ningeweza kuitoa kwenye faili."

"Iache," nikamwambia. "Ni cheti changu."

Siku hizi mna kufuli nyekundu zenye lebo, kila mtu na yake, na picha yake juu. Ni kitu kizuri, mzitumie. Kwenye mafunzo ya mwisho niliyohudhuria, mkufunzi alieleza kwamba kufuli hufunguliwa na aliyeifunga tu, hakuna mwingine, hata awe nani. Akauliza kama kuna swali. Zabroni, aliyekaa mbele, akageuka akanitazama mimi nyuma, akacheka mpaka akaombwa atoke.

Basi haya ndiyo niliyo nayo leo.

Nyumba ya matofali ya kuchoma, Kasulu, vyumba vinne, bati zima. Shamba la mihogo na maharage Titye. Mbuzi sita. Mizinga minane, niliyoianza kwa nyuki wa sanduku la mnara. Sola moja juu ya bati na mtambo wake mdogo wa kuchajia betri, nimefunga mwenyewe, bolti zimechorwa rangi ya kucha. Mita ya Papa Deo, inapima bado. Balbu mbili za lori. Kopo la maziwa, tupu, mlangoni. Spana yenye pengo. Kanga yenye matundu. Vidole kumi na macho mawili. Nakala ya barua ya onyo, ukutani, kwenye fremu, karibu na picha ya harusi ya Renata.

Na fyuzi ya betri, moja. Anayeitaka aje mwenyewe, aniombe kwa mdomo wake.